Mdomo Mkali, Mkono Mkunjufu: Bwana wa Nguo Nyeusi na Maskini wa London

Mwaka 1760 wasomaji wa Public Ledger, gazeti jipya la London, walianza kuletewa barua za mgeni kutoka China aitwaye Lien Chi Altangi, mwanafalsafa aliyefika Uingereza na kustaajabia kila alichokiona: mawigi, makaburi ya wakubwa, kesi zisizokwisha mahakamani. Mchina huyo hakuwahi kuzaliwa. Barua zilitungwa na Oliver Goldsmith, Mwairishi wa miaka thelathini na ushei, daktari asiyekuwa na wagonjwa, na mwenye gazeti, John Newbery, alimlipa gini moja kwa kila barua. Mwaka 1762 zilikusanywa zikawa kitabu cha juzuu mbili, The Citizen of the World.

Kati ya watu wote wa kubuni waliomo kitabuni, anayekumbukwa zaidi ni bwana mmoja anayetambulishwa kwa mavazi yake tu. Ni bwana wa nguo nyeusi, rafiki na mwenyeji wa Mchina. Barua ya 26 ndiyo inayomvua nguo.

Wawili hao wametoka matembezini nje ya mji. Mazungumzo yanafika kwa maskini, na bwana anapandisha. Anawashangaa watu wanaotoa sadaka barabarani ilhali kila parokia ina nyumba ya kuwalisha, kuwavisha na kuwalaza wasio na kitu. Mahakimu nao, kwa maoni yake, wamelala; wangekuwa macho wangewakamata wazururaji hawa wanaowalemea wenye kufanya kazi. Hajamaliza, mzee mmoja anawasimamisha. Amevaa masalio ya nguo zilizowahi kuwa za kifahari, na ana kisa: mkewe anakata roho, watoto watano wana njaa. Mchina hamwamini hata chembe. Bwana naye uso unambadilika na hotuba inakatika. Mchina anajifanya kutazama kwingine, na papo hapo kipande cha fedha kinaingia mkononi mwa mzee, kikisindikizwa na karipio la sauti ya juu, makusudi lisikike: aende akafanye kazi, aache kuwasumbua wapita njia kwa uongo wake.

Wanaendelea. Bwana anajisifu kwamba hakuna ombaomba awezaye kumlaghai. Ili kumpa mwenzake somo, anamkabili baharia mwenye mguu wa mti anayekuja mbele yao. Anamhoji kwa ukali: mguu ulikatikia vita gani? Baharia anajibu kwa ukali uleule kwamba alikuwa ofisa kwenye meli ya kivita ya watu binafsi, na mguu aliuacha ng'ambo akiwatetea watu wanaokaa nyumbani bila kufanya lolote. Hapo maswali yanakwisha. Mgongoni baharia ana furushi la vijiti vilivyochovywa salfa, vile vilivyogusishwa kwenye kaa au utambi unaofuka ili vitoe mwali. Njiti za kusugua zilikuwa bado hazijabuniwa. Bwana anakunja uso na kuagiza vya shilingi moja. Baharia anashangaa kidogo, kisha anamkabidhi furushi zima pamoja na baraka. Kibarua wa London wakati huo alipata kama shilingi 2 kwa siku. Mnunuzi anaondoka kifua mbele, akieleza kwamba kwa bei ile mali lazima iwe ya wizi, na akihesabu faida atakayopata kwa kuwasha mishumaa yake kwa kijiti badala ya kuisokomeza motoni.

Halafu anatokea mwanamke mwenye matambara, mtoto mmoja mikononi, mwingine mgongoni. Anajaribu kuimba nyimbo, lakini sauti yake ni ya kilio kitupu. Bwana anatia mkono mfukoni: hola. Fedha yote imeshatoka. Goldsmith anatwambia kwamba uso wa bwana ulionyesha uchungu kuliko wa yule mwanamke. Mwishowe bwana anakumbuka furushi, anampa vile vijiti vya shilingi moja, na uso wake unang'aa.

Msomaji anaweza kukichukua kisa hiki kama mzaha wa mtu laini anayejitia ugumu, akacheka na kufunga kitabu. Atakuwa ameonja nusu tu. Maneno ya bwana yule hayakuwa yake peke yake. Yalikuwa sheria ya nchi, ikisemwa kwa mdomo wa mtu aliyeikariri vizuri na asiyeweza kuifuata.

Sheria hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya karne moja na nusu. Mwaka 1601, mwishoni mwa utawala wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge la Uingereza liliamuru kila parokia iteue wasimamizi wa maskini na kuwatoza wakazi kodi ya kuwatunzia wazee, yatima na wasiojiweza. Kwa Ulaya ya wakati ule lilikuwa jambo kubwa: msaada ulitoka mikononi mwa wema wa mtu mmoja mmoja ukawa daftari la hesabu. Lakini daftari likizaliwa, swali la kwanza huwa ni nani asiandikwe humo. Mwaka 1662 sheria ya ukaazi iliipa parokia uwezo wa kumrudisha kwao mgeni aliyepanga nyumba ya chini ya pauni 10 kwa mwaka, mradi malalamiko yapelekwe kwa mahakimu ndani ya siku 40. Mtu hakusubiriwa aombe msaada. Ilitosha kuhofiwa kwamba siku moja angeomba. Wajawazito wasio na waume ndio walioandamwa zaidi, kwa kuwa mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa wa parokia alikozaliwa. Wasimamizi wengi waliona ni nafuu kumkodia mama gari na kumvusha mpaka kabla uchungu haujamshika.

Kisha ikaja alama. Sheria ya 1697 ilimtaka kila anayepokea msaada avae begani kulia herufi ya kitambaa chekundu au cha buluu, P ya maskini pamoja na herufi ya kwanza ya parokia yake. Aliyekataa alinyimwa posho au alipelekwa kwenye nyumba ya kurekebishia kuchapwa viboko. Mwaka 1723 parokia ziliruhusiwa kujenga au kukodi nyumba za kazi na kumnyima msaada asiyekubali kuhamia humo. Hizo ndizo nyumba ambazo bwana wa nguo nyeusi anazisifia kwa chakula, nguo na vitanda. Na mwaka 1744 sheria ya uzururaji iliwaweka kapu moja ombaomba, watabiri, waigizaji wasio na kibali na wachuuzi wasio na leseni, ikawapanga madaraja matatu, kutoka wavivu hadi wakorofi wasiorekebishika. Aliyemkamata ombaomba na kumfikisha kwa hakimu aliweza kulipwa shilingi 5. Hesabu hiyo inafaa kuwekwa kando ya furushi la vijiti: mpita njia aliyekuwa na shilingi moja ya kutoa angeweza, kwa kumgeuka aliyemwomba, kuondoka na 5.

Ndiyo maana baharia hakunyoosha mkono mtupu, na mwanamke hakuja bila wimbo. Vijiti vya salfa, nyimbo zilizochapwa kwenye karatasi za bei ndogo, kamba za viatu: bidhaa za aina hiyo zilikuwa pazia la kuombaomba barabarani, na kila mtu London alijua. Jambo ambalo Goldsmith alilionyesha, na mimi naona ndilo lililomtofautisha na wacheshi wengine wa magazeti, ni kwamba pazia lilitumika pande zote mbili. Ombaomba alijificha nyuma ya biashara asionekane anaomba. Mtoaji alijificha nyuma ya ununuzi asionekane anatoa.

Baharia yule ana jambo jingine linalopita haraka. Anasema alitumikia meli ya watu binafsi. Vita vya Miaka Saba vilikuwa vimeanza mwaka 1756, na pamoja na jeshi la mfalme wafanyabiashara walipewa vibali vya kuandaa meli zao na kuteka za Wafaransa. Mabaharia wa mfalme waliolemaa walikuwa na hospitali yao Greenwich, na askari wa nchi kavu walikuwa na ya kwao Chelsea. Aliyekatika mguu kwenye meli ya mwenye mtaji hakuwa na mlango wa kubisha. Goldsmith alilirudia jambo hilo mwaka huohuo wa 1760 katika kisa cha askari mlemavu, alichokichapisha katika British Magazine, jarida la Tobias Smollett, na baadaye akakiingiza kitabuni kama barua ya 119. Askari huyo amepoteza mguu na vidole vinne. Kwa uchangamfu wa kuumiza anasema kwamba laiti angevipotezea kwenye meli ya mfalme, angelishwa na kuvishwa maisha yake yote. Utotoni baba yake kibarua alipofariki, parokia zilirushiana mtoto kama mpira hadi ikaonekana hakuzaliwa katika parokia yoyote. Hapo sheria ya 1662 imeelezwa kwa sentensi mbili tatu na mtu asiyejua kusoma.

Wenye kufikiri nao walikuwa wameupa ugumu heshima yake. Bernard Mandeville, katika insha yake ya mwaka 1723 dhidi ya shule za hisani, alidai kwamba wengi humpa ombaomba kwa sababu ileile inayowafanya wamlipe anayewakata sugu za miguu: wapate kutembea bila karaha. Ni hoja ya kishetani na ni vigumu kuijibu. Henry Fielding, mwandishi wa riwaya aliyekuwa pia hakimu, aliandika mwaka 1751 kuhusu wizi wa London na kulaumu, pamoja na mengine, namna maskini walivyoachwa kuzurura. Wote hao hawakuwa watu waovu. Walikuwa wanaona mji uliojaa watu, na mkono wa huruma unaotoa bila kuuliza uliwatia wasiwasi.

Na huruma iliyopangwa vibaya iliwahi kuwapa sababu. Nahodha Thomas Coram alipata hati ya kifalme mwaka 1739 ya kuanzisha hospitali ya watoto waliotupwa. Mwaka 1756 Bunge liliipa fedha kwa sharti kwamba isimkatae mtoto yeyote. Hadi utaratibu huo uliposimamishwa mwaka 1760, mwaka uleule wa barua za Mchina, watoto karibu 15,000 walikuwa wamepokelewa, wengi wakiwa wamebebwa kutoka majimbo ya mbali kwenye matenga, na zaidi ya theluthi mbili walikufa. Katika nyumba za kazi za parokia za London hali haikuwa bora. Jonas Hanway, mfanyabiashara anayekumbukwa na Waingereza kwa kuthubutu kutembea na mwavuli barabarani, alizunguka parokia baada ya parokia akihesabu vifo vya wachanga, hadi mwaka 1767 ilipopitishwa sheria ya kuwapeleka watoto wa chini ya miaka sita kulelewa nje ya mji. Kwa hiyo bwana wa nguo nyeusi anaposema maskini wanatunzwa na parokia wala hawana la kudai zaidi, msomaji wa 1760 aliyekuwa na macho alijua kilichokuwa kikitokea ndani ya nyumba hizo. Bwana mwenyewe alijua pia, la sivyo asingetoa ile fedha.

Alijifunzia wapi kutoa? Barua ya 27 ni maisha yake kama anavyoyasimulia mwenyewe. Baba yake alikuwa kasisi wa kipato kidogo, mwenye ukarimu uliozidi elimu yake na elimu iliyozidi mali yake. Mezani pake walijaa wale waliokuwa maskini kuliko yeye, wakilipa chakula kwa kucheka hadithi zake. Watoto walifundishwa kugawa maelfu kabla ya kufundishwa kuchuma senti moja. Huyo baba hakubuniwa. Ni Charles Goldsmith, kasisi wa Kianglikana wa Lissoy, katikati ya Ireland, na mwanawe alimrudia katika riwaya ya The Vicar of Wakefield na tena katika shairi la The Deserted Village.

Hapa wahakiki wengi wa Kiingereza hupita haraka kwa kusema Goldsmith alirithi moyo wa baba. Lakini Lissoy ilikuwa nchi nyingine kabisa. Ireland haikuwa na kodi ya maskini ya nchi nzima; haikuipata hadi mwaka 1838. Mzee asiye na watoto, mjane, askari aliyerudi vitani, wote walitegemea mlango ulio wazi, jiko lenye moto na viazi vya leo. Oliver alipokuwa na umri wa kama miaka 12, baridi kali ya mwaka 1740 iliozesha viazi ardhini na ukame ukafuata. Njaa na homa za mwaka huo na uliofuata ziliua, kwa makadirio ya wanahistoria, watu wasiopungua 300,000 katika nchi ya watu milioni mbili na nusu hivi. Watu walizagaa barabarani. Kasisi wa kijijini aliyefunga mlango mwaka huo alijua anamfungia nani. Mtoto aliyekulia hapo, kisha akahamia kwenye nchi ambako sadaka ni kazi ya karani na ombaomba ni mali ya hakimu, alibeba desturi mbili zisizopatana. Mdomo wa bwana wa nguo nyeusi umesomea London. Mkono wake ni wa Lissoy.

Ugumu wake, tena, ulikuwa na faida. Baada ya baba kufa na kila njia ya kuchuma kumkwamia, anasimulia, alimdhamini rafiki, rafiki akatoroka, na yeye akatupwa gerezani kwa deni lisilo lake. Alipotoka aliazimia kuwa bahili. Anakumbuka kwa fahari siku alipomnyima rafiki wa zamani mkopo mdogo. Tangu hapo watu walianza kunong'ona kwamba ana fedha zake pembeni, na mialiko ya chakula ikamiminika. Si porojo. London ya karne ya 18 iliendeshwa kwa mkopo kuanzia kwa fundi cherehani hadi kwa muuza mkaa, na mtu aliyesifika kwa huruma alionekana mdaiwa mtarajiwa. Sifa ya ubahili ilikuwa dhamana.

Goldsmith mwenyewe hakuwahi kuipata sifa hiyo. Alisoma chuo cha Trinity, Dublin, kama mwanafunzi anayelipa karo kwa kuwatumikia wenzake. Wasimulizi wa maisha yake wanasema asubuhi moja alikutwa amejichimbia ndani ya manyoya ya godoro, kwa kuwa mablanketi alimpa mama mwenye watoto watano. Mwaka 1759 Thomas Percy, aliyekuja kuwa askofu, alimtembelea katika ua wa Green Arbour Court, London. Chumba kilikuwa na kiti kimoja. Goldsmith alimpa mgeni, yeye akakaa dirishani. Katikati ya mazungumzo aliingia mtoto wa kike mwenye nguo zilizochakaa, akapiga goti kwa adabu na kuleta salamu za mama yake: tafadhali wakopeshwe makaa, chombo cha chumbani kikijaa. Chombo chenyewe kilikuwa kile cha kukojolea usiku. Mwaka huohuo mchapishaji mmoja alimwandama kwa sababu ya suti aliyoichukua kwa dhamana na kuiweka rehani. Nyumba aliyopanga ilikuwa imepatwa na balaa la deni, na inasimuliwa kwamba fedha ya rehani ilikwenda kumkomboa mwenye nyumba.

Rafiki yake mkubwa, Samuel Johnson, alikuwa na ukali wa kweli mdomoni, na London nzima iliogopa kubishana naye. Lakini juu ya ombaomba hakujificha nyuma ya vijiti vya salfa. Alitoa mchana kweupe, na alipoambiwa wataitumia kwa pombe na tumbaku, alijibu kwa hoja kwamba hakuna sababu ya kuwanyima maskini anasa ndogo walizobaki nazo. Usiku akirudi nyumbani aliweka senti kwenye viganja vya watoto waliolala barabarani. Nyumbani kwake aliwalisha mshairi kipofu Anna Williams, mganga wa maskini Robert Levet, na Francis Barber, aliyezaliwa mtumwa Jamaica, ambaye Johnson alikuja kumrithisha sehemu kubwa ya mali yake. Kwa ujasiri Johnson alimshinda bwana wa nguo nyeusi. Kwa kuchekesha, hapana. Smollett aliielewa tofauti hiyo: Matthew Bramble, mzee mkorofi wa riwaya yake ya mwaka 1771, anampa mjane noti ya pauni 20 kwa siri, na analipuka kwa hasira anapofumaniwa.

Goldsmith alifariki tarehe 4 Aprili 1774, akiacha madeni ambayo, kama Johnson alivyoandika, mchoraji Joshua Reynolds aliyakadiria kuwa si chini ya pauni 2,000. Kwenye ngazi za makazi yake walikaa wanawake wakilia. Hawakuwa jamaa zake. Walikuwa maskini wa mji aliokuwa akiwasaidia.

Sheria nazo hazikufa naye. Alama ya kitambaa ilifutwa mwaka 1810, lakini mwaka 1824, mji ukiwa umejaa askari waliorudi kutoka vita vya Napoleon, Bunge lilitunga upya sheria ya uzururaji, likiyabakiza yale makundi ya wavivu, wazururaji na wakorofi. Maneno hayo yalisafiri na utawala wa kikoloni. Kanuni za adhabu zilizoletwa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1930 ziliyabeba karibu kama yalivyo, na kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kilimtaja anayezurura au kukaa mahali pa hadhara akiomba sadaka. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikiwa Arusha na ikijibu ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika kwa kuwaadhibu watu kwa sababu ya umaskini wao, na kwamba nchi wanachama zinawajibika kuzifuta au kuzirekebisha. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha vipengele vya kosa hilo katika sheria ya nchi yake.